Kidonda Kisishonwe Haraka

Januari 2010, tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, timu za matabibu zilimiminika Haiti. Nyingi zilistahili sifa. Nyingine zilikata miguu na mikono, zikaondoka bila kuacha kumbukumbu za mgonjwa wala mpango wa kumwuguza.

Aibu hiyo ilizaa kazi inayostahili pongezi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya chini kwa timu za dharura. Timu ya daraja la pili, kwa mfano, iweze kulaza wagonjwa 20 na kufanya upasuaji mkubwa 7 kwa siku. Tena ije na maji, chakula na umeme wake. Mgeni wa msiba hapaswi kummalizia mfiwa akiba! Mwaka huohuo, kimbunga Haiyan kilipoipiga Ufilipino, viwango hivyo vilianza kutumika.

Vitani kuna somo jingine, na wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wamelifundisha kwa miongo. Jeraha la risasi husafishwa, nyama iliyokufa ikaondolewa, kisha likaachwa wazi. Hushonwa baada ya siku 4 au 5. Daktari aliyezoea hospitali ya mjini hutamani kulifunga papo hapo. Akilifunga, uchafu na vijidudu hubaki ndani, likatunga usaha.