Kwetu Hakuna Treni

Reli haijawahi kufika Meru, na Embu pia haijafika. Ya karibu zaidi iliishia Nanyuki, upande ule mwingine wa mlima. Kwa hivyo Sauti Sol walipotoa albamu yao ya tano, Midnight Train, tarehe 5 Juni 2020, mimi niliipandia kwenye matatu, stejini Embu, nikielekea nyumbani Meru.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Vyuo vimefungwa tangu Machi, kafyu, barakoa, matatu ya abiria kumi na wanne ikibeba wanane na nauli imepanda. Nilikuwa nimeenda kutoa vitu vyangu kwenye chumba nilichokuwa nimekodi. Godoro juu ya keria, begi miguuni, eafoni masikioni. Nikaanza wimbo wa kwanza tukitoka mjini. Runyenjes ikapita, Chuka ikapita, tukashuka zile kona za Nithi ambapo kila mtu hunyamaza kidogo, tukapanda upande wa pili. Kufika Nkubu nilikuwa nimeisikiza yote mara mbili na hukumu yangu ilikuwa tayari. Nikaiandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp kabla hata sijashuka: hawa wasee wamepotea, hii ni albamu ya kutafutia viza.

Watu walicheka. Nilipata emoji nyingi. Niliona nimefanya uhakiki.

Nimeirudia albamu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na leo nataka kuifuta ile meseji. Haimaanishi kwamba Midnight Train haina makosa, inayo, na nitayataja. Ila swali nililoiuliza lilikuwa bovu, na ndilo swali tunalouliza karibu kila bendi tunayoipenda ikibadilisha sauti: mbona si kama zamani?

Tuanze na hiyo zamani. Mwanzo ilitoka 2008 chini ya Penya Records. Bien, Chimano na Savara walikuwa wametoka kwenye uimbaji wa shule ya Upper Hill, Polycarp akaja na gitaa lake, na kilichotoka hapo kilikuwa sauti zilizopangwa vizuri juu ya nyuzi chache. Lazizi ilikuwa ya mapenzi, Blue Uniform ilikuwa ya polisi. Ilinifikia miaka kadhaa baadaye kwa flash ya binamu yangu, na kwa kijana wa Meru aliyezoea kwaya ya kanisa na redio ya Kimeru, ilikuwa kama kuambiwa kwamba unaweza kuimba kwa upole na bado ukawa mjanja.

Lakini hiyo "Sauti Sol ya zamani" haikukaa muda mrefu. Baada ya Sol Filosofia ya 2011, mwaka uliofuata waliingia studio na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini wakatoa EP iliyojaa mashine na midundo ya kielektroniki. Mwaka 2014 ikaja Nishike, vifua wazi, na nchi nzima ikawa na maoni. Mwaka huohuo ikaja Sura Yako, ile ambayo Julai 2015 Obama aliicheza Ikulu. Nakumbuka tukiwa shuleni wale waliojiona wana masikio walisema Sura Yako ni biashara, muziki wa harusi. Ajabu ni kwamba kufikia 2020 watu walewale, mimi nikiwemo, tulikuwa tunaitaja Sura Yako kama mfano wa Sauti Sol halisi iliyopotea. Kila usaliti wao uliopita ulikuwa umegeuka kuwa asili. Mtu akisema bendi imeacha mizizi, muulize mizizi ya mwaka gani.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Radiohead wa Uingereza walikuwa wameteka dunia mwaka 1997 na OK Computer, albamu ya magitaa. Oktoba 2000 wakaleta Kid A, ambayo magitaa yake unayatafuta kwa tochi. Baadhi ya wahakiki wa kwao waliitandika kweli kweli. Miaka kumi baadaye albamu hiyohiyo ilikuwa juu kabisa ya orodha za kazi bora za muongo wake. Arctic Monkeys nao, baada ya AM ya 2013 kuwafanya wakubwa zaidi ya walivyowahi kuwa, walikuja 2018 na Tranquility Base Hotel & Casino: piano, mwendo wa taratibu, hadithi za hoteli mwezini. Mashabiki waligawanyika katikati.

Ninachojifunza kwa hao si kwamba kila anayebadilika hatimaye huonekana yuko sawa. Kuna bendi nyingi zilizobadilika zikaharibika, na hakuna muda utakaoziokoa. Ninachoona ni kwamba hukumu ya wiki ya kwanza mara nyingi humhusu msikilizaji kuliko albamu. Unasikiza huku umeshika ile ya zamani mkono mmoja, na kila wimbo mpya unaupima kwa kilichokosekana. Kilichopo hukisikii.

Basi kilichokuwepo ni nini? Chukua Disco Matanga. Siku ile kwenye matatu niliiruka katikati mara ya kwanza, na mara ya pili niliiacha tu kwa sababu simu ilikuwa mfukoni. Ina Sho Madjozi, ina Black Motion, wale wa muziki wa haus kutoka Afrika Kusini. Nikasema si mnaona, wameenda Johannesburg. Sikujishughulisha na jina. Disco matanga ni usiku wa kucheza kwenye msiba magharibi ya Kenya: spika uwanjani, vijana, vumbi, marehemu ndani ya nyumba na maisha nje. Jina la pili la wimbo, Yambakhana, ni Kiluhya. Yaani wimbo niliouona umekimbia nyumbani kuliko yote ndio uliokuwa umerudi mbali zaidi kijijini. Na ulitoka mwezi ambao serikali ilikuwa imesema mazishi yasizidi watu kumi na watano. Nilizika jamaa mwaka huo. Tulihesabiwa getini. Hakukuwa na spika, hata wimbo wa kaburini uliimbwa haraka haraka. Ningeuskia wimbo ule kwa makini, ningejua kwamba kuna mtu alikuwa anaongea na mimi.

Tena mdundo wa haus haukuwekwa pale kama rangi. Muziki huo unaenda bila haraka, unarudia, unakuchosha mpaka unaachilia. Hivyo ndivyo mkesha ulivyo. Gitaa la Mwanzo, pamoja na uzuri wake wote, lisingeweza kazi hiyo. Lingefanya msiba uwe wa kuhuzunisha tu.

Suzanna nayo inafanya kinyume. Huu ndio wimbo ambao wote tuliukubali, mimi na grupu nzima, kwa sababu una harufu ya zilizopendwa. Ni mtamu, bado naupenda. Lakini ukiuweka kando ya Disco Matanga unaona ni upi uliojasiri. Suzanna unavaa koti la babu na linamkaa. Disco Matanga unachukua kitu cha kijijini na kukipeleka mahali ambapo hakijawahi kufika, bila kukiosha.

Sasa makosa. Albamu ina mwanya katikati yake, na mwanya huo ni lugha. Brighter Days wakiwa na Soweto Gospel Choir na My Everything wakiwa na India.Arie ni nyimbo zilizotengenezwa vizuri sana, pengine mno. Hazina kona. Zimekaa kwenye Kiingereza kinachoweza kuimbwa na mtu yeyote popote, na hapo ndipo ninapowapoteza kina Bien. Kiingereza chenyewe hakina ubaya, sote tunakitumia. Shida ni kwamba wakiimba Kiswahili au Kiluhya wanakuwa na utani, wanakuwa na jirani, wanakuwa na mtu fulani wanayemsema. Kwenye nyimbo hizi wanakuwa na dunia, na dunia haina sura. Kwa hivyo wale waliosema 2020 kwamba albamu inatazama nje hawakuwa waongo. Walikosea tu kulaumu midundo, wakati kilichotoka nje ni maneno. Mdundo wa kigeni unaweza kubeba matanga ya kwenu. Sentensi isiyo na mwenyewe haiwezi kubeba chochote, hata ukiipigia nyatiti.

Na nikisema "kwenu" lazima nisimame kidogo. Sisi wa Meru na Embu tulikuwa tunalia kwamba Sauti Sol wametuacha. Walituacha lini? Kimeru hakikuwahi kuwa lugha ya nyimbo zao, Kiembu pia. Tulikuwa tunapenda kijiji cha watu wengine na kukiita chetu, jambo ambalo ni zuri kabisa, ndiyo kazi ya muziki. Lakini mtu anayependa kwa njia hiyo hana haki ya kufunga geti akisema utamaduni unaibiwa.

Hapa ndipo ile meseji yangu inaniuma. Kwenye grupu ile kulikuwa na rafiki yangu mmoja, tulikuwa tukipiga gitaa pamoja Embu, harusi na sherehe ndogo ndogo. Miezi michache kabla ya korona alikuwa amenichezea kitu kwenye simu: sauti yake ikiimba Kimeru, wimbo wa nyanya yake wa kuchuma kahawa, juu ya mdundo wa haus alioutengeneza mwenyewe kwa laptop. Ilikuwa mbichi, besi ilikuwa inavuma ovyo. Nilimwambia, buda, hiyo si sisi. Nilimwambia kwa uhakika wa mtu aliyemaliza kusoma. Halafu Juni nikaja na hukumu yangu ya Midnight Train mbele ya watu wote, na yeye akiwa mmoja wa waliosoma. Hakuweka emoji. Hakunitumia kitu kingine tena.

Sho Madjozi ametoka Limpopo, mbali na studio za Johannesburg, na jina alilijenga kwa kurap Kitsonga juu ya midundo ya vijana wa mjini. Hakuna aliyemzuia, au aliyemzuia hakusikizwa. Nawaza ni wangapi huku kwetu walizuiwa na mtu kama mimi, si na prodyusa wala stesheni ya redio, ila na rafiki mwenye maoni.

Mei 2023 Sauti Sol walitangaza kwamba wanapumzika kama kundi, na Novemba wakaaga Uhuru Gardens kwenye Sol Fest. Tangu hapo Midnight Train imebadilika masikioni mwangu, ingawa hakuna noti hata moja iliyoguswa. Nikiisikiza sasa naskia watu wanne ambao kila mmoja ana mlango wake. Disko ya Chimano kwenye Friday Feeling ya 2021, Bien wa albamu yake mwenyewe mwaka 2023, Polycarp akiwa baba kwenye Father Studies: mbegu zao ziko humu tayari. Kile nilichokiita kupotea kilikuwa watu wanaoanza kuagana wakiwa bado wanaimba pamoja. Ndiyo maana haishikani kama Mwanzo, na ndiyo maana sasa inanigusa zaidi, hata ikiwa si albamu nzuri zaidi yao. Kwangu hiyo bado ni Live and Die in Afrika. Mkitaka kunipinga, karibuni.

Mwezi uliopita nilisafiri tena, safari hii kutoka Meru kwenda Embu. Gari lilikuwa limejaa, watu kumi na wanne na wa kumi na tano kwenye kijiti. Pale Chuka dereva akabadilisha redio akaweka flash yake, na kati ya nyimbo za injili na ragga ikapita Disco Matanga. Hakuna aliyesema lolote. Mama aliyekuwa na kapu la ndizi mbele yangu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa wakati sawasawa na besi, na sidhani alijua ni ya nani wala ni ya mtindo gani.

Tukivuka Nithi nikamwandikia yule rafiki. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, mambo hayo hayaandikiki vizuri kwenye simu. Nilimuuliza tu kama bado ana ile ngoma ya kahawa.

Alijibu nikiwa nimeshafika Embu, nimeshuka, natafuta bodaboda. Aliandika kwamba laptop iliharibika, lakini nyanya bado yuko, na wimbo anaujua wote.