Uzito wa Kusema "Haipo"

Tope la kale la Pande, kusini mwa Kilwa, halina la kumwambia anayelishika mkononi. Chini ya hadubini inayokuza mara 1000, chembe yake moja imejaa mabaki ya chokaa ya mwani ulioelea baharini zaidi ya miaka milioni 33 iliyopita. Mengi hayafiki mikromita 20. Kuyatambua kwa jina ni ufundi ninaouheshimu kuliko mashine nyingi za maabara.

Vifaa vyenyewe ni vichache: kisu cha kukwangua udongo, tone la maji, kijiti cha meno cha kuutandaza juu ya kioo. Kinachobaki ni jicho. Mtambuzi hupishanisha vichujio viwili vya mwanga. Uwanja huwa mweusi, kokolithi, yaani vibamba vya chokaa vya mwani huo, zikang'aa, kila moja na msalaba wa giza juu yake. Namna msalaba huo unavyopinda kioo kikizungushwa huonyesha ukoo wake. Jenasi Discoaster, yenye umbo la nyota, haing'ai hivyo, kwa kuwa mihimili ya fuwele zake imesimama wima. Hiyo hutazamwa kwa mwanga wa kawaida na miali yake huhesabiwa. Discoaster barbadiensis ina miali mingi iliyoshikamana karibu mpaka ncha. Discoaster saipanensis ina michache, ncha zake kali zimeachana.

Tofauti hiyo hupotea upesi chokaa mpya ikiota juu ya kisukuku. Ndiyo maana visima vya utafiti vilivyochimbwa Kilwa na Lindi miaka ya 2000, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), viliwavutia mabingwa kama Paul Bown wa London: udongo wa mfinyanzi wa huko haupitishi maji kirahisi, na umehifadhi hata spishi dhaifu ambazo kwingine zimeyeyuka.

Hata hivyo, kuipata nyota ni sehemu nyepesi. Nyota hizo mbili zilitoweka muda mfupi kabla barafu kubwa haijaikalia Antaktika, takribani miaka milioni 34 iliyopita, na kutoweka kwake ni alama ya kupimia umri wa miamba. Kisukuku kimoja kinatosha kusema "ipo". Kusema "haipo" kunadai kupita kioo mstari kwa mstari, kama anayechagua mchele kwenye ungo, na kurudia kwa sampuli ya juu yake na ya chini yake. Nyota moja ikijitokeza katika tabaka la juu zaidi, sharti mtambuzi aulize kama iliishi wakati huo, au mikondo iliizoa kutoka tabaka la zamani zaidi. Na asipokuwa na hakika ya spishi yenyewe, huandika jina la jenasi tu na kuiacha spishi wazi.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ina thamani sawa na jina. Wanaosoma historia ya hali ya hewa hujenga juu ya orodha hizi, na jina lililotolewa kwa pupa huhamisha umri wa tabaka zima. Anayekataa kulitaja kabla ya wakati wake ndiye anayewapa wengine mahali pa kusimama.