ServiceLoader: daftari yenye inanyamaza mahali ingelalamika

Wandugu wa promosio, wengine watauliza mtu wa agronomia anatafuta nini ndani ya Java. Nilitengeneza programu ndogo ya kuhesabu mbegu kwa kipimo cha shamba: moduli moja ya mahindi, moja ya maharagi, moja ya muhogo, na moduli ya katikati yenye haijui hata moja kati ya hizo. Hiyo ndiyo faida ya ServiceLoader, na ninaisifu.

Tangu Java 6 ilikuwa inasoma fishie ndani ya META-INF/services: jina la fishie ni interfasi, mistari ni majina ya klasi. Ukikosea herufi moja, javac haikuambii kitu. Java 9, mwaka 2017, ilileta module-info: mtumiaji anaandika «uses», mtoa huduma anaandika «provides ... with». Sasa klasi ikikosekana, javac inakataa palepale. Na paketi ya mtoaji inaweza kubaki imefungwa, bila «exports». Hapo walifanya kazi ya kweli.

Lakini angalia vile makosa yanaadhibiwa. Ukisahau «uses», unapata ServiceConfigurationError, kelele kabisa. Mtoaji akikosekana, unarudishiwa orodha tupu, programu inaendelea kama vile kila kitu kiko sawa. Watetezi watasema orodha tupu ni jibu halali, huduma zingine si za lazima. Sawa. Yangu ilikuwa ya lazima, na «uses» haina namna ya kuandika «angalau mmoja».

Jlink ndiyo ilinimaliza. Nilifunga programu pamoja na Java yake, nikaweka kwa flashi, nikapanda kijijini kwenye hakuna rezo. Nafungua mbele ya wakulima: hakuna zao hata moja la kuchagua! Mama mmoja akauliza kama maharagi yamekufia ndani ya mashini. Kumbe jlink inafuata «requires», watoaji inawaacha, mpaka uongeze --bind-services ao utaje moduli zao kwa --add-modules. Kwangu nyumbani ilitembea vizuri, sababu java ya kawaida inawatafuta yenyewe kwenye module path.

Siku hizi, kabla ya kuonyesha dirisha, programu yangu inahesabu watoaji kwa stream().count(). Ikipata sifuri inasimama na kusema ni interfasi gani haina mtu. Mistari mitatu tu, lakini kila mmoja wetu analazimika kuiandika peke yake.