Taa au Kitu Kingine: Kuporomoka kwa Vichekesho vya Watu Wazima vya Kihindi na Kazi ya Mfasiri wa Kibanda

Mwaka 1986 Dada Kondke, bingwa wa vichekesho vya Kimarathi, alitoa filamu ya Kihindi iitwayo Andheri Raat Mein Diya Tere Haath Mein. Neno diya ni taa. Ni pia umbo la wakati uliopita la kitenzi chenye maana ya kupa. Basi katika usiku wa giza ama mkononi mna taa, ama umekabidhiwa kitu kisichotajwa. Mzaha wote umo katika kutotajwa huko, na msemaji akibanwa atajitetea kwamba alisema taa tu.

Masti (2004) na Kyaa Kool Hain Hum (2005) zilibakiza sehemu ya fumbo. Grand Masti (2013) ilivuna zaidi ya rupia bilioni 1 huku ikianika mengi ambayo Kondke angeyafumba. Kisha mwaka 2016 zikaja Kyaa Kool Hain Hum 3, Mastizaade na Great Grand Masti, zote tatu zikadoda. Kuna wanaolaumu cheti cha A, ambacho huinyima filamu soko la televisheni, na nakala ya Great Grand Masti iliyovuja kabla ya kutoka. Sababu hizo zina uzito, ila cheti hicho hicho hakikuizuia Grand Masti. Kwa maoni yangu tatizo kubwa lilikuwa la lugha. Hadhira isiyoachiwa tena kazi ya kufumbua haikuona sababu ya kulipa kiingilio, hasa simu ilipoleta uchi wa bure.

Suala hili linatuhusu sisi wa Mbarara, Masha na Nakivale kwa sababu katika vibanda vya video filamu huja na sauti ya pili: ya vijei, mfasiri anayesimulia juu ya picha. VJ Jingo ameijenga sanaa hiyo kwa Kiganda; Lufufu aliifanya kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam. Mbele ya neno kama diya, mfasiri akisema taa, mzaha unakufa. Akikitaja kitu chenyewe, fumbo linageuka tusi. Iliyobaki ni kutunga fumbo jipya, na hapo ndipo ninapomwona kuwa mtunzi kamili. Nakivale kazi hiyo ni ngumu zaidi: Kiswahili cha Mkongomani na cha Mrundi hukutana benchi moja, na fumbo la huyu huweza kuwa neno la kawaida kwa yule.

Cheti kilichotolewa India hakisemi lolote kuhusu maneno hayo. Filamu isiyo na tusi yaweza kutukana kibandani, na filamu chafu yaweza kusetiriwa. Mshauri wa sera anayepanga umri wa watazamaji kwa kuangalia picha na cheti pekee anapima kazi ambayo mtoto aliyeketi benchini hakuisikia. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mjadala tangu hapo umeelemea shuleni. Ningependa sauti za wafasiri hawa zirekodiwe na kunukuliwa kwanza, kabla ya yeyote kuandika kanuni za kuzidhibiti.