Pambizo na Deni: Ketuba kama Sanaa ya Jadi na Maana Yake kwa Uganda

Wahakiki wa sanaa za jadi wanapoitazama ketuba, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi, aghalabu jicho lao hutua pambizoni: maua, ndege, nguzo na malango. Jicho hilo huona nusu ya kazi. Katikati mwa hati mna matini ya Kiaramu inayotaja deni. Mume hujifunga kwamba mkewe atalipwa kiasi maalumu, zuzi 200 kwa mwanamwali na 100 kwa mjane, iwapo atamtaliki au atamtangulia kufa, na mashahidi wawili hutia saini. Nakshi zimelizunguka deni hilo, wala hazielezeki bila hilo.

Vipande vya ketuba zilizopambwa vimo katika nyaraka za Geniza ya Kairo, vingine vikikaribia umri wa miaka elfu moja. Katika Italia ya karne za 17 na 18, hati ilisomwa mbele ya wageni na familia zikashindana kwa mapambo, hata viongozi wa Wayahudi wa Rome wakaweka kikomo cha fedha za kuipamba. Pambo linalohitaji kudhibitiwa na baraza si urembo mtupu. Ni tangazo la hadhi na uwezo.

Suala hili linaigusa Uganda moja kwa moja. Abayudaya wa Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku wakati wa Idi Amin, kisha mamia yao wakathibitishwa na baraza la marabi mwaka 2002. Hata hivyo, ndoa za Kiislamu zina sheria yake ya mwaka 1906, za Kihindu ya mwaka 1961, na usajili wa ndoa za kimila wa mwaka 1973. Za Kiyahudi hazina sheria yake mahususi. Upo uwezekano, basi, ketuba ikafika kwenye makumbusho ya Kampala kama picha kabla haijafika mahakamani kama mkataba.

Tafsiri nayo ina mtego. Mwaka 2015, katika shauri la Mifumi, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa kudai marejesho ya mahari ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari hayo hutoka kwa mume kwenda kwa jamaa za mke. Ketuba inakwenda upande mwingine: anayedai ni mke mwenyewe. Mswahili wa pwani ataifananisha na mahari yaliyoahirishwa, na hatakosea sana. Lakini anayeiita “hati ya mahari” mbele ya msomaji wa Mbale amemweleza kinyume chake. Neno ni moja, wadai ni wawili.

Hoja hii ina mpaka wake. Tangu miaka ya 1970 wasanii wa Marekani wamefufua ketuba ya mapambo, na baadhi ya wanandoa wameweka ahadi za mapenzi mahali pa kiasi cha fedha. Huko pambizo limebaki na deni limeondoka. Ndiyo sababu kadi ya makumbusho isiridhike kutaja rangi na mtindo. Ianze na kiasi kilichoandikwa, jina la anayedai na saini za mashahidi. Ndege na maua yafuate.