Utata wa Istilahi "Stadi za Mawasiliano"

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha stadi za mawasiliano kilianzishwa mwaka 1978 ili kumwezesha mwanafunzi kusoma vitabu vya taaluma yake, kuandika insha na kusema mbele ya hadhira. Jina hilo limezoeleka. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta lina utata, kwani kwake mawasiliano ni jinsi mashine moja inavyopelekea nyingine data kwa waya au mawimbi ya redio. Neno moja limebebeshwa dhana mbili katika fani moja, kinyume cha kanuni ya uundaji wa istilahi. "Stadi za kitaaluma" nayo haitufai: taaluma ni usomi na pia ni kazi ya mtu, hivyo mwanafunzi huyo ataidhania kuwa ni ufundi wa kutunga programu.

Kasoro hii si ya jina tu. Mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, ilhali karani atakayeitumia programu huuliza kwa Kiswahili. Mhitimu asiyeweza kumweleza kwa nini mashine imekataa hesabu zake hajaimaliza kazi. Istilahi si kisingizio: programu ya Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilikwisha kuonyesha kwamba zinapatikana.

Tunapendekeza "stadi za kusoma na kujieleza". Aidha, kila muhula mwanafunzi apewe zoezi la kumweleza asiye mtaalamu, kwa Kiswahili, programu aliyoitunga mwenyewe. Tunakaribisha maoni ya walimu na wafasiri.