Sanaa ya Kusema kwa Kasuku

Mtu apitaye katika mitaa ya Machakos akasikia maamkizi ya Kikamba, "Wĩ mũseo?", yakitoka barazani, kisha akatambua kuwa aliyemwamkia si mwenye nyumba bali ni ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu aliyemo kizimbani, aghalabu humtazama ndege yule mdomoni, kwa kudhani kuwa siri yote imo katika ulimi wake mnene. Dhana hiyo ni ya kale, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya wafugaji wamlishe kasuku pilipili ili ulimi wake upate wepesi. Dawa isiyofaa kitu, maana mwili wa ndege hauhisi ukali wa pilipili kama uuhisivyo mwili wa adinasi, na kasuku huitafuna pilipili bila hata kupepesa jicho. Hoja yangu ni kwamba ulimi una sehemu yake katika kazi hii, na ubongo una sehemu kubwa zaidi, lakini kinachomtia kasuku hamu ya kusema ni jamaa anaoishi nao. Na kila fundisho lililofaulu lilifaulu kwa sababu lilimwachia ndege nafasi katika mazungumzo yao.

Tuanze na ala yenyewe. Mwanadamu hutoa sauti kwa nyuzi zilizomo katika zoloto, juu ya bomba la hewa. Kasuku hana nyuzi hizo. Sauti yake huzaliwa chini ya bomba hilo, ndani ya kifua, pale linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, katika kiungo kiitwacho sirinksi, ambamo utando mwembamba hutetemeshwa na pumzi. Ndege waimbao kama chiriku wana vyanzo viwili vya sauti, kimoja kila upande, lakini kasuku ana kimoja tu, na kwa hiyo hana budi, kama sisi, kuigeuza sauti ile moja ikiwa njiani kutoka. Mwaka 2004 Gabriel Beckers na wenziwe walichukua kasuku wa jamii moja ya Amerika ya Kusini, ndege waliokwisha kufa, wakaweka kipaza sauti kidogo mahali pa sirinksi, kisha wakausogeza ulimi huku na huku. Wakaona kwamba mwendo mdogo mno wa ulimi uliibadilisha namna ya sauti itokayo, kama vile ulimi wetu ubadilishavyo *a* ikawa *i*. Basi wapitanjia wa Machakos hawakukosea kabisa kuutazama ulimi. Walikosea kudhani kuwa habari imekwisha hapo.

Taabu ya kasuku ni midomo. Domo lake ni gumu kama pembe, wala haliwezi kufumbana kwa ulaini unaotakiwa na *m* ya "mũseo" au *b* ya "habari", na kwa hiyo hutafuta sauti ya badala kwa kulipanua au kulibana domo na kuugeuza ulimi na koo, hata sikio la msikilizaji, ambalo tayari linatarajia neno, likaikubali. Kikamba kina irabu saba na kina toni, na mgeni ajifunzaye kwa kitabu huona tabu kwa zote mbili. Lakini kasuku hajui herufi, naye huichukua sentensi pamoja na mahadhi yake yote, kikohozi cha msemaji kikiwamo.

Kuhusu ubongo nitasema machache. Viumbe wanaojifunza sauti kwa kusikia ni wachache: miongoni mwa ndege ni kasuku, ndege waimbao na wale wadogo wa Amerika wafyonzao maua wakielea hewani. Mwaka 2015 Mukta Chakraborty, Erich Jarvis na wenzao walieleza kwamba sehemu za ubongo zishughulikiazo sauti zina kokwa katika makundi yote hayo matatu, bali kwa kasuku peke yake kokwa hilo limezungukwa na ganda la ziada, nalo wakaliona hata katika kea wa New Zealand, ambaye ni wa ukoo wa kale sana. Hapo ndipo wanapodhani ustadi wake wa kuiga umejengwa.

Lakini kwa nini aige? Kasuku wa kijivu si mwenyeji wa Ukambani. Mwenyeji ni binamu yake mdogo wa nchi kavu, ambaye dume lake lina tumbo la rangi ya machungwa. Yule wa kijivu ni wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na kwa upande wetu masalia yake yako Uganda na msitu wa Kakamega. Katika maskani yake huishi kwa makundi, na sauti ndiyo alama ya kujuana. Mwaka 1993 watafiti walitoa habari za kasuku wa mwituni huko Zaire, ambao katika nyimbo zao walikuwa wakiwaiga ndege wa jamii nyingine, na hata popo. Kule Venezuela, katika kasuku wadogo wa kijani, Karl Berg na wenziwe walionyesha mwaka 2011 kuwa makinda hupata milio yao ya kuitwa kutoka kwa wazazi, na kinda aliyehamishiwa tundu la wazazi wengine huchukua mlio wa waliomlea. Ndege aliyetengwa na kundi lake akawekwa barazani Machakos hana kundi jingine ila watu wa nyumba ile.

Aliyelifahamu jambo hili akalifanya kuwa mbinu ni Irene Pepperberg, ambaye mwaka 1977 alimnunua kasuku wa kijivu katika duka moja la Chicago akamwita Alex. Wengi kabla yake walikuwa wamewafunza ndege kwa kuwarudishia neno lile lile na kuwapa chakula cho chote kwa tuzo, wakapata matunda haba. Yeye alifuata njia iliyobuniwa na Dietmar Todt, Mjerumani, ambayo huhitaji watu wawili mbele ya ndege: mmoja ni mwalimu, na wa pili ni kielelezo cha kuigwa na papo hapo ni mshindani.

Tuihamishie Machakos, mji wa maembe. Nyanya ameshika embe, na mjukuu amekaa mbele yake, kasuku akiwatazama. "Hiki ni nini?" auliza nyanya. "Embe," ajibu mjukuu, naye hupewa embe akalishangilia. Mara nyingine mjukuu hukosea kwa makusudi, na embe huondolewa mbele ya macho yake; kisha hubadilishana kazi, mjukuu akamwuliza nyanya, ili ndege aone kuwa swali si mali ya mtu mmoja. Kasuku hana subira ya kuona tunda likienda kwa mwingine kila mara. Hujaribu, na jaribio lake la kwanza, hata likiwa mkoromo tu usiofanana na neno, hutuzwa kwa embe lenyewe wala si kwa karanga, maana akipewa karanga atadhani kuwa "embe" ni jina la karanga. Kosa hili dogo la tuzo, nadhani, limewaharibia wafugaji wengi kazi kuliko ugumu wa ulimi.

Kwa njia hii Alex alijua majina ya vitu zaidi ya 50, rangi saba, maumbo matano, na hesabu hata sita. Pepperberg alijaribu kanda za sauti na picha za video kwa kasuku wengine wawili, Alo na Kyaaro, nao hawakujifunza neno kwa vyombo hivyo, ila kwa watu walio hai mbele yao. Mwenye kumwachia kasuku redio mchana kutwa na ajue hivyo.

Wala uigaji huu wa sauti si wa ndege peke yao. Mwaka 2005 Joyce Poole na wenzake walieleza habari za Mlaika, ndovu yatima wa Tsavo mwenye umri wa miaka 10, ambaye baada ya jua kutua alikuwa akinguruma kama malori ya barabara ya Nairobi na Mombasa, iliyokuwa kilomita tatu kutoka zizini.  Na Calimero, ndovu wa Afrika aliyekaa miaka 18 na majike wawili wa Asia huko Basel, alilia kwa mlio wao.

Anayetaka kuijaribu mbinu hii asinunue ndege wa magendo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hudai kibali, na tangu Januari 2017, kufuatia mkutano wa mkataba wa biashara ya wanyamapori uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku. Na akiwa na ndege wawili, mzee anaweza kuwa mwalimu wa kijana. Alex, aliyekufa Septemba 2007 akiwa na miaka 31, alikuwa akishika nafasi ya mtu wa pili katika masomo ya kasuku mdogo aitwaye Griffin, na Griffin alipoyatafuna maneno, Alex alimwingilia akimtaka aseme wazi.